Gregory Maloba: Mchongaji wa Mumias aliyeipa Uganda nembo ya uhuru

GREGORY Maloba (1922-2007) alikuwa mchongaji na mwalimu wa sanaa, mzaliwa wa Mumias, kusini mwa Bungoma, magharibi mwa Kenya. Anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa uchongaji wa kisasa Afrika Mashariki.

Elimu yake ya sanaa aliipata Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji jijini Kampala mwaka wa 1937. Bi Trowell hakutaka wanafunzi wake wanakili kazi za Ulaya. Aliwahimiza kuchota mada katika maisha na masimulizi ya kwao. Mwaka wa 1941 Maloba alichonga katika mti sanamu ya Kifo, ambayo hadi leo hutajwa na wanahistoria wa sanaa.

Baadaye alipelekwa Uingereza kwa masomo zaidi, kisha akarejea Makerere kufundisha. Miongoni mwa waliosomea katika shule hiyo enzi zake ni mchoraji Elimo Njau na Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kujiunga nayo.

Kazi iliyompa sifa kuu ni Mnara wa Uhuru wa Kampala, uliojengwa kwa saruji Uganda ilipojitawala Oktoba 9, 1962. Unaonyesha mama ambaye sehemu ya chini ya mwili wake imefungwa kwa vitambaa, naye amemwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Vifungo ni ukoloni. Mtoto ni taifa changa.

Katika miaka ya 1960 Maloba alirudi Kenya na kufundisha ubunifu katika kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tangu mwaka wa 2010, mnara huo umechapishwa katika noti zote za toleo jipya la shilingi ya Uganda. Noti hizo huvuka mpaka pamoja na wafanyabiashara huko Malaba, na Lwakhakha katika Kaunti ya Bungoma. Mfanyabiashara anayezihesabu huwa ameshika kazi ya jirani yake wa Mumias, ingawa jina la mchongaji halikuandikwa juu yake. Ndiyo sababu jukumu la kulihifadhi jina hilo linabaki kwa walimu na wazazi wa magharibi mwa Kenya.