Mali kauli

nm [i-/zi-] bidhaa anazochukua mtu bila kulipa papo hapo, kwa ahadi ya kulipa bei iliyokubaliwa baada ya kuziuza. Huandikwa pia *malikauli*. Mfano: *Amechukua magunia kumi ya mchele kwa mali kauli.* Asili yake ni Kiarabu: *mali*, na *kauli* yenye maana ya neno au usemi. Dhamana ya biashara hii ni neno la mchukuaji.

Utaratibu huu ndio uliojaza mizigo ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji katika karne ya 19. Matajiri wa Unguja walitoa merikani, kaniki na shanga. Mchukuaji alikwenda nazo bara na kurudi na pembe za ndovu, na mara nyingi watumwa pia. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alichukua bidhaa kwa njia hiyo, na mfadhili wake mkubwa alikuwa Taria Topan. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipoanza mwaka 1871, njia ya Ujiji ilifungwa. Hapo ndipo maana ya neno huonekana wazi: mali kauli ni deni, na njia ikifungwa deni halifungwi. Wako waliobaki bara miaka mingi kwa kuogopa kuwakabili wadai wao pwani.

Matumizi. Kwa kuwa tajiri wa Unguja alihatarisha mali yake, wafasiri hushawishika kulitumia neno hili, au *mkopo*, kwa fedha zinazotolewa kwa kampuni changa za teknolojia ya fedha. Si sahihi. Anayetoa *mtaji wa ubia* hupewa hisa. Kampuni ikifa, fedha zake hufa nayo, na mwanzilishi hadaiwi. NALA, kampuni ya kutuma fedha iliyoasisiwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilitangaza mwaka 2024 kwamba imepata dola milioni 40 za mtaji wa namna hii. Kuandika kwamba *imekopeshwa* ni kuitwisha deni isilokuwa nalo. Kwa hiyo mtaji wa ubia *huwekezwa* au *huchangishwa*. Mali kauli *huchukuliwa* na *hulipwa*.

Neno *thamani* nalo lina mtego, tena wa gharama kubwa zaidi. Kampuni ikikadiriwa dola milioni 8 kabla ya mtaji, kisha mwekezaji akatia milioni 2, thamani baada ya mtaji ni milioni 10 na hisa za mwekezaji ni asilimia 20. Lakini mkataba ukisema tu *thamani ya kampuni ni milioni 8*, mwekezaji aweza kudai kwamba milioni 2 zake zimo ndani ya hizo, na hivyo hisa zake ni asilimia 25. Asilimia 5 zimemtoka mwanzilishi kwa maneno matatu yaliyoachwa. Mfasiri aandike *kabla ya mtaji* au *baada ya mtaji* kila mara, hata pale ambapo urudiaji unachosha.

Tena thamani hiyo ni kadirio linalotokana na bei ya hisa. Kusema kampuni *ina milioni 10* ni kumfanya msomaji adhani ziko benki.

Taz. pia: *arubuni, hisa, ubia*.