Udhibiti wa sukari ya damu kwa wagonjwa mahututi

Udhibiti wa sukari ya damu kwa wagonjwa mahututi ni sehemu ya tiba inayolenga kuzuia sukari (glukosi) isipande mno wala kushuka mno. Huhitajika hasa kwa mgonjwa anayelishwa kwa dripu kwa sababu tumbo lake haliwezi kupokea chakula, hata kwa mpira wa puani.

Kupanda kwa sukari

Mwili ulioumia vibaya au wenye maambukizi makali hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Hizo hulifanya ini kumwaga sukari katika damu na kupunguza nguvu ya insulini. Dripu ya lishe nayo huingiza glukosi moja kwa moja mshipani, usiku na mchana. Hivyo sukari inaweza kupanda hata kwa mtu asiye na kisukari.

Kiwango kinachofaa

Mwaka 2001 utafiti wa Greet Van den Berghe huko Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kuwa kushusha sukari hadi milimoli 4.4–6.1 kwa lita kulipunguza vifo. Mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi, NICE-SUGAR, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, ulipata kinyume: katika siku 90 walifariki 27.5% ya waliobanwa hivyo, na 24.9% ya walioachiwa hadi milimoli 10. Tangu hapo kwa kawaida insulini huanzishwa sukari inapozidi 10, na lengo huwa kati ya 7.8 na 10.

Kushuka kwa sukari

Mtu mzima wa afya sukari ikishuka hutetemeka, hutoka jasho na kuhisi njaa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kusema lolote, na ubongo wake unaweza kudhurika kimyakimya. Hatari huwa kubwa dripu ya lishe inapokwisha au kuziba huku insulini ikiendelea. Kwa hiyo insulini hupunguzwa au kusimamishwa, dripu ya glukosi 10% huwekwa mahali pa lishe, na sukari hupimwa tena mapema. Anayepewa insulini mshipani hupimwa karibu kila saa. Kipimo cha kidoleni kinaweza kudanganya ikiwa shinikizo la damu limeshuka sana; damu ya mshipa ni bora.

Shinyanga na Geita

Katika mikoa hii yenye malaria nyingi, sukari iliyoshuka hukutwa hasa kwa watoto wenye malaria kali. Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya milimoli 2.2 kuwa dalili mojawapo ya malaria kali. Kwinini huongeza tatizo kwa kuchochea kongosho kutoa insulini. Utafiti wa AQUAMAT (2010), uliohusisha pia Muheza na Korogwe mkoani Tanga, ulionyesha kuwa artesuneti huokoa watoto wengi zaidi na hushusha sukari mara chache zaidi.

Wagonjwa wanaohitaji huduma kubwa zaidi, wakiwemo wachimbaji walioumia migodini, hupelekwa hospitali ya rufaa kama Bugando, Mwanza. Kutoka Geita, safari hiyo ilitegemea feri ya Kigongo–Busisi hadi daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Hata sasa, sukari hupaswa kupimwa kabla ya kuondoka na njiani, kwa kuwa dripu inaweza kukatika garini bila mtu kugundua.