Magadi Yanapita Makindu

Kwenye vibanda vya kando ya barabara ya Mombasa, pale Makindu, sabuni ya maji huuzwa kwenye chupa za soda zilizooshwa vizuri. Kuna ya kijani, kuna ya bluu, kuna ya waridi. Haina lebo wala alama ya KEBS. Uliza imetoka wapi, utajibiwa, "Ni ya hapa hapa, tunajitengenezea." Ni kweli. Lakini jibu hilo ukilichimba kidogo, unakuta reli, wamishonari, ziwa la chumvi, kiwanda cha Norwe, na swali moja ambalo halijaisha: katika kitu "tulichojitengenezea," chetu hasa ni kipi?

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha huwa haifichi siri. Neno "kufua" ni letu la asili. Mhunzi anafua chuma, mtu wa pwani anafua nazi, mama anafua nguo. Wote wanapiga kitu kwa nguvu. "Sabuni" imetoka kwa Waarabu, na ukizidi kurudi nyuma utakutana na Kilatini. "Dobi" imetoka India. Kwa hivyo kitendo tulikuwa nacho, lakini kifaa kilikuja na wageni, na hata mtu wa kulipwa ili akufulie akaja na jina la ng'ambo.

Na kabla ya sabuni kuja, ilibidi kuwe na nguo ya kufuliwa. Wakamba wa zamani walivaa ngozi, na ngozi haihitaji povu, inahitaji mafuta ya kuilainisha. Mambo yalibadilika na biashara ya misafara. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa, na mojawapo ya vitu walivyorudi navyo ni merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Hapo ndipo tatizo la uchafu likazaliwa upya. Ngozi iliyopakwa mafuta hufutwa, ikaendelea. Pamba nyeupe kwenye vumbi jekundu la Ukambani? Bana, siku mbili tu.

Kisha wakaja watu waliougeuza weupe wa nguo kuwa jambo la roho. Mwaka 1891 misheni ya Waskoti ilifungua kituo Kibwezi, mwendo mfupi kutoka Makindu. Mwaka 1895 Africa Inland Mission ikaanzia Nzaui, hapo hapo katika Makueni ya leo. Kote walikojenga wamishonari wa enzi hiyo, usafi wa nguo ulisomeshwa pamoja na Biblia. Kule Uingereza nako watengenezaji wa sabuni walikuwa wakijitangaza kana kwamba wanaosha mabara mazima. Tangazo la Pears la mwaka 1899 lilisema waziwazi kwamba kufundisha usafi ndio hatua ya kwanza ya kuupunguza ule mzigo wa mzungu. Kipande cha sabuni kilishageuzwa siasa.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na Makindu ikawa mojawapo ya vituo vya njia hiyo. Hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, ambalo hadi leo humlisha msafiri yeyote bila malipo, ni alama ya watu hao. Reli ilihitaji makarani, makarani walihitaji mashati, na mashati yalihitaji sabuni. Ndivyo sabuni ilivyohama kutoka anasa ya misheni hadi bidhaa ya duka.

Je, asiye na pesa za dukani alifanyaje? Alitumia jivu. Hili wengi wetu tunalijua, maana hata leo sufuria iliyoungua husuguliwa kwa jivu. Nilisoma kemia mihula mitatu kabla ya kuacha chuo, na mlinganyo wa sabuni niliuona ubaoni: mafuta yakikutana na alkali, unapata sabuni na glisarini. Kile ambacho hakikuandikwa ubaoni ni kwamba jivu la kuni ni alkali. Ukilichuja kwa maji unapata maji yanayoteleza vidoleni, yanayokata mafuta.

Ukambani jivu lilikuwa na kazi nyingine tena. Maji mengi ya visima huku ni ya chumvi. Ukiweka sabuni ya kipande kwenye maji magumu, povu linakataa, unabaki na utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kwenye kola ya shati. Sabuni inaisha kwa kupigana na maji kabla haijafika kwenye nguo. Jivu huyalainisha maji hayo. Kwa hivyo nyanya aliyetia jivu kwenye karai hakuwa mshamba aliyekosa Omo. Alikuwa anafanya kazi ambayo watengenezaji wa sabuni ya unga hulipa wanakemia waifanye.

Ujuzi wa aina hiyo una thamani, na kuna waliojua kuunyakua. Mwaka 1964, mwanasayansi Mwethiopia Aklilu Lemma alikuwa Adwa akaona jambo la ajabu: pale mtoni ambapo watu walifulia kwa matunda ya mmea uitwao endod, konokono walikuwa wamekufa. Konokono wa maji ndio wanaobeba kichocho. Sabuni ya maskini ikawa silaha dhidi ya ugonjwa. Miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani kikapata hataza ya kutumia mmea huo huo kuua kome wanaoziba mabomba. Waliokuwa wakifulia kwa endod karne na karne hawakuwa na hataza ya chochote.

Sasa turudi kwenye reli, maana hapa ndipo habari inaponiuma. Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya Magadi Soda ili kuchimba ziwa la Magadi, kule Kajiado. Kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijaisha, tawi la reli lilikuwa limeunganisha ziwa hilo na reli kuu pale Konza. Kutoka Konza, treni huteremka Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, hadi bandarini. Kwa miongo mingi, mabehewa ya magadi yamepita Makindu yakielekea Mombasa na kwingineko duniani, kutengeneza vioo na sabuni. Magadi ni alkali. Ukiyapika na chokaa unapata kostiki, ile ya kutengenezea sabuni ya kipande. Yaani nusu ya siri ya sabuni ilipita mbele ya milango ya watu waliokuwa wakichuja jivu, na haikuteremshwa hapo.

Iliyorudi ilikuwa tayari imefungwa kwa karatasi. Kampuni ya East Africa Industries, ambayo baadaye ikawa Unilever Kenya, ilitujaza Omo kiasi kwamba hadi leo kuna watu wanaoita kila sabuni ya unga "omo." Baadaye viwanda vya wenyeji vikaingia. Bidco ilianza Nyeri mwaka 1970 ikishona nguo, na kufikia 1985 ikageukia sabuni. Hata huko Nyeri nguo ilitangulia, sabuni ikafuata.

Kenya ilikuwa na bahati ya kutokosa sabuni kabisa. Majirani waliionja adha hiyo. Uganda, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vilididimia na sabuni ikawa kitu cha foleni na magendo. Tanzania nayo, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kulikuwa na miaka ambayo watu walifulia kwa majani ya mpapai. Mzee yeyote aliyeishi Dar wakati huo atakusimulia. Funzo ni rahisi: duka likifungwa, watu hukumbuka upesi sana.

Hata kemikali za leo zilizaliwa na uhaba. Wakati wa Vita vya Kwanza, Ujerumani ilikosa mafuta ya kutosha ya kutengenezea sabuni, wanakemia wake wakatafuta kitu kinachotoa povu bila kuhitaji mafuta hayo. Wajukuu wa kitu hicho ndio waliomo kwenye chupa ya Makindu. Nenda kwenye chama chochote cha kina mama utasikia majina yao yakitajwa kama unga na sukari: ungarol na ufacid. Majina hayo ni ya bidhaa za kampuni ya Unger Fabrikker, ya mji wa Fredrikstad, Norwe. Ungerol imefika kwetu ikawa ungarol, kisha ikawa jina la kila kitu kinachofanana nayo, hata kama mtungi umetoka kwingine.

Utaratibu wenyewe si uchawi. Kwa lita 20, kilo moja ya ungarol huchanganywa na chumvi hadi iwe nyeupe na nzito. Maji huongezwa kidogo kidogo huku ukikoroga upande mmoja. Kisha ufacid nusu kilo, na unga wa magadi, ule wauzaji wa kemikali huuita soda ash, uliolowekwa kando, ili uzime ile asidi. Chumvi ikizidi, sabuni inakuwa maji matupu. Unaacha povu litulie usiku kucha, asubuhi unatia rangi na manukato. Vaa glavu, maana ufacid inachoma ngozi. Sabuni hii inashinda ile ya kipande kwa jambo moja kubwa: haigandi kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana ilishika Ukambani, na ndiyo maana mwaka 2020, corona ilipoingia na kila mlango ukawekwa ndoo yenye mfereji, waliojua kuikoroga walipata soko siku hiyo hiyo.

Basi, chetu ni kipi humo? Ufacid chimbuko lake ni mafuta ghafi. Chupa ni ya kampuni ya soda. Magadi yanaweza kuwa yametoka Kajiado, lakini yanafika Makindu kwa kilo, kupitia muuza kemikali wa Nairobi, kwa bei yake. Kinachobaki ni mkono unaokoroga, ujuzi uliopitishwa kwenye chama, na maji. Katika lita hizo 20, takriban 17 ni maji. Faida ya mama huyu, kwa kweli, ni tofauti kati ya bei ya maji na bei ya povu.

Na maji ya Makueni huyajui hadi kiangazi kikaze na mtungi uanze kuuzwa kwa bei inayopanda kila wiki. Tunapowasifu kina mama kwa kujiajiri, na serikali hupenda sana kuwasifu, tukumbuke wanachohitaji hakiko kwenye semina nyingine ya ujasiriamali. Wanahitaji maji ya mfereji, njia ya kununua magadi kwa gunia moja kwa moja, na kibali cha KEBS kinachofikika na mtu mwenye mtungi mmoja, ili chupa yake ipande kwenye rafu ya supamaketi. Bila hivyo, kiangazi kikifika sufuria ya kukorogea itafunikwa, na kipande cha dukani, kile kinachokataa povu kwenye maji ya chumvi, kitarudi beseni.