Uhuru wa Mchezaji na Mipaka ya Mtunzi katika Michezo ya Video ya Kuvaa Uhusika, 1974–2006

Historia ya michezo ya video ya kuvaa uhusika aghalabu husimuliwa kama safari ya kutoka kwenye vizuizi kuelekea uhuru: kadiri kompyuta zilivyopata nguvu, ndivyo mchezaji alivyozidi kutenda apendavyo. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanadai kwamba uhuru haupimwi kwa uchache wa vizuizi, bali kwa uzito wa matokeo ambayo mchezaji huachiwa ayabebe.

Chimbuko la utanzu huu ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa Marekani mwaka 1974. Msimamizi wake huketi na wachezaji, huwasimulia mandhari, na huamua papo hapo hatima ya tendo ambalo kitabu cha kanuni hakikulitaja. Nafasi yake inakaribiana na ya fanani wa ngano, ambaye hadhira huweza kumfanya arefushe au ageuze kisa. Programu ya kompyuta haina wepesi huo. Mipaka yake huwekwa kabla mchezo haujaanza.

Watunzi walikabili upungufu huo kwa njia tofauti. Katika Ultima IV (1985), Richard Garriott hakumkataza mchezaji kudanganya. Anaponunua bidhaa kwa muuzaji kipofu, mchezaji hutaja mwenyewe kiasi anacholipa. Akipunja, hakuna anayemzuia, lakini programu huhifadhi kosa hilo, na safari yake ya kuufikia ukamilifu wa fadhila nane hurudi nyuma. Dragon Quest, uliotolewa Japani mwaka 1986 katika kaseti ya kilobaiti 64, unaonyesha njia mbili kwa pamoja. Mchezaji amwokoapo binti mfalme, huulizwa iwapo atamrudisha kasrini. Akikataa, swali hurudiwa mpaka akubali. Hata hivyo, adui mkuu anapomwahidi nusu ya dunia, mchezaji anaweza kukubali, na usaliti huo hukatisha safari yake. Jibu la kwanza halina uzito wowote. La pili linagharimu kila kitu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kampuni ya Bethesda. Katika Morrowind (2002), mchezaji anaweza kumuua hata mhusika ambaye kisa kikuu kinamtegemea. Ujumbe humwarifu kwamba uzi wa utabiri umekatika: arejee hatua aliyoihifadhi, au aendelee kuishi katika ulimwengu alioulaani mwenyewe. Katika Oblivion (2006), wahusika muhimu hawafi. Huzirai, kisha huinuka. Uamuzi huo una mantiki yake, kwani wahusika hao walipewa ratiba zao za kila siku, na wangeweza kukutana na hatari mchezaji akiwa mbali. Hata hivyo, upanga wa mchezaji ulipoteza maana mbele yao.

Kwa hiyo, ulimwengu uliotengenezwa kwa teknolojia mpya zaidi ndio uliomnyima mchezaji nafasi ya kukosea. Mtunzi anayelinda kisa chake dhidi ya kila kosa hukiokoa kisa, lakini humrudisha mchezaji kwenye kiti cha msikilizaji, tena msikilizaji ambaye fanani wake hamsikii.