Bonde la Mto Sepik: Lugha nyingi, nasaba nyingi

Mto Sepik, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,100, huteremka kutoka milima ya kati ya kisiwa cha New Guinea, hupita kwa muda mfupi katika ardhi ya Indonesia, kisha hujipindapinda katika vinamasi vya kaskazini mwa Papua New Guinea hadi kufikia bahari ya Bismarck. Katika bonde la mto huo na la jirani yake, mto Ramu, huzungumzwa lugha zaidi ya mia moja.

Wingi huo peke yake si ajabu, kwani Papua New Guinea ina lugha zaidi ya 800. Kinachowashughulisha wataalamu wa isimu ni kwamba nyingi kati ya lugha hizo za bondeni hazijathibitishwa kuwa na undugu wowote.

Msafiri anayetoka Mombasa hadi Kinshasa hupita katika lugha nyingi, lakini nyingi kati ya hizo ni za Kibantu, familia moja yenye lugha zipatazo 500. Katika bonde la Sepik mambo ni kinyume. Wachambri, wanaoishi kando ya ziwa Chambri, ni majirani wa Waiatmul wa mtoni, nao wamebadilishana bidhaa kwa vizazi vingi. Hata hivyo, lugha zao ni za familia mbili tofauti.

Jina lisilo na undugu

Neno "Kipapua" lenyewe huweza kumpotosha msomaji. Halitaji familia moja ya lugha. Hutumika kwa lugha za New Guinea na visiwa vya jirani ambazo haziingii katika familia kubwa ya Kiaustronesia, ile inayokusanya Kimalay, Kimaori na hata Kimalagasi cha Madagascar.

Ni sawa na kuzitaja lugha za Afrika Mashariki kwa maneno "zisizo za Kibantu". Kundi hilo lingekiweka pamoja Kimaasai, Kisomali na Kihadza, ilhali kila kimoja kina asili yake.

Kutoka familia moja hadi nyingi

Ujerumani, iliyotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, ilitawala pia kaskazini mashariki mwa New Guinea kuanzia mwaka 1884 hadi mwaka 1914, na ikauita mto huo kwa jina la malkia wake, Augusta. Katika miaka ya 1930 mwanaanthropolojia wa Kimarekani Margaret Mead aliishi miongoni mwa Waarapesh, Wamundugumor na Wachambri. Jamii hizo tatu, zilizo katika eneo moja, zina lugha za familia tatu mbalimbali.

Utafiti mpana wa lugha za bonde hilo uliongozwa na Mwaustralia Donald Laycock. Mwaka 1965 alichapisha kazi yake kuhusu familia ya Ndu, iliyopewa jina hilo kwa sababu katika lugha zake neno "ndu" lina maana ya mtu mwanamume. Mwaka 1973 alipendekeza kwamba lugha zipatazo mia moja za mabonde yote mawili ziwekwe katika kundi moja, Sepik-Ramu.

Pendekezo hilo liliingia katika vitabu na ramani, na wengi wakalichukua kuwa jambo lililokwisha thibitishwa. Lakini ushahidi wake ulikuwa mwembamba. Mwaka 2005 wanaisimu wawili, William Foley na Malcolm Ross, kila mmoja katika kazi yake, walionyesha kwamba kundi hilo halisimami.

Kilichobaki baada ya kundi kubwa kuvunjwa ni makundi madogo zaidi:

Sepik: kundi linaloijumuisha familia ya Ndu, yenye lugha kama Kiiatmul, Kimanambu, Kiabelam na Kiboikin, pamoja na lugha za vilima vya kusini mwa mto.

Sepik ya Chini na Ramu: Kiyimas, Kikarawari, Kiangoram, Kichambri, Kimurik na Kikopar, pamoja na jamaa zao wa mto Ramu.

Yuat: lugha chache za kandokando ya mto wa jina hilo, ikiwamo ya Wamundugumor.

Leonhard Schultze na Piawi: familia mbili ndogo za kusini mwa bonde.

Taiap: lugha ya kijiji kimoja, isiyo na ndugu anayejulikana.

Milima ya kaskazini ina familia nyingine, Torricelli, ambayo Kiarapesh ni mojawapo ya lugha zake.

Undugu hupimwaje?

Ross alianza na viwakilishi nafsi, yaani maneno kama mimi, wewe na sisi, kwa kuwa lugha haziviazimi kwa wepesi. Katika Kiyimas "mimi" ni "ama", na katika Kikarawari pia ni "ama". Katika Kimanambu, ambacho ni cha Ndu, ni "wun". Aidha, lugha za Ndu hutenganisha "wewe" wa kiume na "wewe" wa kike. Mfumo mzima wa aina hiyo ukifanana, nasaba moja huanza kuonekana.

Neno moja halitoshi. Kwa Kiyimas "wewe" ni "mi", sauti ambayo Mswahili angedhani ni ufupisho wa "mimi". Huo ni mfano wa sadfa tupu. Kinachotafutwa ni sauti zinazolingana kwa utaratibu katika maneno mengi ya msingi, mpaka mtafiti aweze kuijenga upya lugha mame iliyozizaa.

Mtego mwingine utawashangaza wasemaji wa Kiswahili. Kiyimas kina ngeli zipatazo kumi, na kivumishi hupatana na nomino yake. Wanaume, wanawake, wanyama na mimea wana ngeli zao, na ngeli zilizobaki hutegemea sauti ya mwisho ya neno. Kiarapesh nacho kina ngeli zaidi ya kumi.

Lakini ngeli hazikifanyi Kiyimas kuwa ndugu wa Kiswahili, wala wa Kiarapesh. Mtindo wa sarufi huweza kuzuka mahali mbalimbali, au kuhama kutoka jirani hadi jirani. Katika Sepik majirani walibadilishana samaki na wanga wa mti wa sago, wakabadilishana pia nyimbo, ibada na maneno. Wayimas hata walikuwa na lugha maalumu za biashara za kuzungumza na majirani zao.

Bahari iliyojaa matope

Sura ya nchi inaeleza sehemu ya fumbo hili. Miaka ipatayo 6,000 iliyopita, sehemu kubwa ya bonde la sasa ilikuwa ghuba ya bahari. Mito iliijaza kwa matope kidogo kidogo, na watu wakashuka kuihamia ardhi mpya kutoka pande mbalimbali, kila kundi na lugha yake.

Isitoshe, binadamu wameishi New Guinea kwa zaidi ya miaka 40,000, ilhali wanaisimu wengi wanakubali kwamba mbinu za kulinganisha lugha haziwezi kuona kwa uhakika zaidi ya miaka 10,000 hivi. Huenda baadhi ya familia hizi zilikuwa ndugu zamani sana, lakini alama za undugu huo zimefutika.

Familia ya lugha moja

Ndiyo maana kila lugha ndogo ni ushahidi mkubwa. Kitaiap husemwa katika kijiji cha Gapun, juu ya kilima ambacho zamani kilikuwa kisiwa ndani ya bahari hiyo. Mwanaanthropolojia Don Kulick, aliyeanza utafiti wake huko katikati ya miaka ya 1980, alikuta watoto wakikua wakizungumza Tok Pisin badala ya Kitaiap. Hakuna mzazi aliyekuwa ameamua kuiacha lugha yake. Mazoea ya kila siku ya kuwasemesha watoto ndiyo yaliyokuwa yamebadilika.

Mwaka 2019 Kulick na Angela Terrill walichapisha sarufi na kamusi ya Kitaiap. Wasemaji wake hawafiki mia moja.

Lugha moja ya Kibantu inapokufa, hasara ni kubwa, lakini jamaa zake hubaki wakiwa na sehemu ya kumbukumbu ya asili yao. Kitaiap hakina jamaa wa kukishuhudia. Siku msemaji wake wa mwisho atakapoondoka, itakuwa imekufa familia nzima, na swali la asili yake litabaki mikononi mwa kile kilichowahi kuandikwa.