Shamba, Ubao na Mtaro: Sayansi ya Watoto Wadogo na Shule za Vingunguti

Somo la sayansi kwa madarasa ya chini, yaani lile linalomwongoza mtoto wa miaka saba au minane kuuchunguza mwili wake, maji anayokunywa, mbegu inayochipua na mdudu anayemuuma, limepitia mikono mingi nchini Tanzania, na karibu kila mkono ulimchukulia mwanafunzi kuwa mtoto wa kijijini mwenye shamba nyuma ya nyumba. Dhana hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa watoto wengi waliishi hivyo kweli; lakini ikipimwa Vingunguti, kata ya Ilala, jijini Dar es Salaam, iliyobanwa kati ya Barabara ya Nyerere na bonde la Mto Msimbazi, ambako nyumba nyingi zilijengwa bila ramani ya mipango miji na ambako sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya watu laki moja, upungufu wake huonekana waziwazi.

Chimbuko la dhana hiyo liko katika utawala wa Waingereza. Mwaka 1924 tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast (Ghana ya leo), ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba elimu ya Waafrika ifungamane na afya, kilimo, ufundi na maisha ya nyumbani. Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera wenye mwelekeo huohuo mwaka uliofuata, na kwa mtoto mdogo sayansi ikawa bustani ya shule, usafi wa mwili na majina ya mimea na wanyama. Pendekezo la kuanzia kwenye kitu anachokijua mtoto lilikuwa jema, na wataalamu wa ufundishaji wanalikubali hadi leo. Kosa lilikuwa kuamua mapema kwamba anachopaswa kukijua ni jembe tu.

Jaribio zito zaidi la kubadili mwenendo huo lilikuja miaka michache baada ya Uhuru. Kuanzia 1965, kituo cha uendelezaji wa elimu kilichokuwa Newton, Massachusetts, kilishirikiana na walimu na wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, katika mpango wa sayansi ya shule za msingi ambao mwaka 1970 ulirithiwa na chombo cha Waafrika wenyewe chenye makao yake Accra. Vijitabu vyake vilikusudiwa mwalimu asiye na maabara wala fedha za kununulia vifaa: kimoja kilihusu mchanga mkavu, kingine mchanga uliolowa, kingine namna ya kuvifanya vitu vidogo vionekane vikubwa, jambo ambalo hata tone la maji huliweza. Kijitabu kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote kilihusu mdudu mdogo anayechimba kishimo chenye umbo la pia katika mchanga mkavu ili anase sisimizi. Mtoto hakupewa sifa za mdudu huyo azikariri, bali alitakiwa kumuuliza mdudu mwenyewe, yaani kumhamishia katika mchanga mwingine, kumwekea chakula cha namna nyingine, kumvurugia kishimo chake, kisha kutazama anachofanya. Huo ndio uchunguzi wa kisayansi kwa maana yake kamili, na unawezekana uani kwa kopo moja la mchanga.

Wakati jaribio hilo likiendelea, mambo mawili yalitokea mwaka 1967 ambayo yaliliathiri somo hili kwa muda mrefu. La kwanza ni Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, hatua iliyolazimu msamiati wa sayansi ukusanywe na kuundwa, kazi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka huohuo, lilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Maneno mengine yalikuwapo tayari na yalihitaji kupewa maana mahususi tu, kama wenzo, yaani nondo au mti wa kuinulia mzigo kwa kuuegemeza mahali. Mengine yaliundwa upya, kama usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Faida kwa mtoto mdogo ilikuwa kubwa, kwa kuwa aliweza kubisha na kuuliza kwa lugha anayoitumia mtaani. La pili ni waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi, ambao uliifanya shule kuwa pia mahali pa uzalishaji mali. Nia yake ilikuwa kuondoa ukuta kati ya kitabu na kazi, lakini katika utekelezaji shamba la shule mara nyingi lilibaki mahali pa kulima, si mahali pa kuuliza kwa nini tuta moja limestawi na jingine limedumaa.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na kufikia 1977 shule zilipaswa kuwapokea watoto wote wenye umri wa kusoma. Walimu walipatikana kwa kuwachukua wahitimu wa darasa la saba, ambao walifundisha huku wao wenyewe wakisomeshwa kwa masomo ya posta na redio. Watu waliigeuza UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo, kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”, kejeli isiyowatendea haki vijana waliobeba mzigo ambao taifa halikuwa na mwingine wa kuubeba. Hata hivyo, mwalimu aliyekabidhiwa umati wa watoto bila vifaa alikimbilia ubao, na sayansi ikawa kunakili. Ada ilipofutwa kwa ajili ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002, madarasa ya jijini yalifurika tena.

Mtoto wa Vingunguti aliyenakili habari za mahindi na mbolea alikuwa akiishi jirani na viwanda, machinjio, na, katika miaka ya 1990, jalala la jiji. Kata hiyo ina pia mabwawa ya majitaka, ambayo ni somo zima la sayansi lililo wazi: mwani unaoota humo hutoa oksijeni mchana kwa usanisinuru uleule unaoelezwa kwa jani la mhindi, na bakteria huitumia oksijeni hiyo katika kuozesha uchafu. Mitaala ya 2015 iliyapa madarasa mawili ya kwanza kazi kubwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na sayansi ya umri huo ikaingizwa katika kutunza afya na mazingira, ambamo mtaro ulielezwa kama kitu cha kusafishwa na mara chache kama kitu cha kuchunguzwa.

Ilhali watu wazima wameuchunguza mtaro huo kwa bidii. Mpango wa kudhibiti malaria jijini Dar es Salaam, ulioanza 2004, uliiingiza Vingunguti miongoni mwa kata zake, na wakazi wa mitaani walipewa kazi ya kupita kwenye madimbwi, mifereji na makopo, kuchota maji na kutafuta viluwiluwi. Hakuna katika kazi hiyo kisichoweza kufanywa na mtoto wa darasa la tatu mbele ya mwalimu wake kwa gilasi ya maji yaliyotuama: kiluwiluwi cha mbu aenezaye malaria hulala sambamba na uso wa maji, na kile cha mbu aenezaye matende hujining'iniza kichwa chini, kikipumua kwa mrija ulio mkiani.