Harar, Mji Unaojiita Mji

Katika somo letu la historia la mwaka wa kwanza, Harar ilitajwa mara moja tu, tena ndani ya sentensi iliyomhusu mtu mwingine: Richard Burton ndiye Mzungu wa kwanza kuingia katika mji huo, Januari 1855. Nililiandika jina la Burton kwenye daftari langu. Jina la mji nililisahau.

Mwaka jana rafiki yangu wa bwenini, ambaye wazazi wake ni Waharari, alinialika nipitie kwao nikiwa njiani kwenda Mombasa kwa nyanya. Tulishuka ndege Dire Dawa kwenye joto kali, kisha gari likapanda milima kwa zaidi ya kilomita 50 hadi hewa ikawa ya baridi na mimi nikaanza kutafuta sweta. Harar iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mashariki mwa Ethiopia. Nilimwambia mama yake rafiki yangu kwamba nimefurahi kufika Harar. Akanijibu kwa upole, huku mwanawe akitafsiri, kwamba wao huuita Gey. Gey maana yake ni Mji, basi. Lugha yao ni Gey Sinan, lugha ya Mji, na wao ni Gey Usu', watu wa Mji. Mimi niliyelelewa na wazee wa Mombasa wanaosema "nashuka mjini" kana kwamba duniani hakuna mji mwingine, nilimwelewa mara moja.

Mji wenyewe ni ule ulio ndani ya ukuta, uitwao Jugol. Unatosha kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja, lakini ndani yake mna misikiti 82 na makaburi na maziara 102, na mwaka 2006 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ukuta unahusishwa na Amiri Nur ibn Mujahid, katikati ya karne ya 16. Imamu Ahmad ibn Ibrahim, aliyeuendesha usultani wa Adal kutoka Harar na kupigana na wafalme wa Ethiopia, aliuawa 1543. Nur alimwoa mjane wake, Bati Del Wambara, akarithi na vita vyake. Mji ulikuwa umechoka na maadui walikuwa karibu, ndipo ukajengewa ukuta. Malango ni matano, na la sita lilifunguliwa baadaye sana kwa ajili ya magari. Chini ya ukuta mna matundu madogo ambayo usiku fisi huyapitia kuingia mjini kula mabaki. Wageni hupelekwa nje ya lango kumwona mtu akiwalisha fisi nyama kwa kijiti. Na mimi nilienda, nisijifanye mwanazuoni. Niliogopa sana.

Burton alisafiri kutoka pwani ya Somalia amevaa kama mfanyabiashara Mwarabu, lakini alipokaribia mji aliamua kuingia kama Mwingereza. Alikaa siku kumi, akihofu kila siku kwamba amiri hatamruhusu kutoka, kisha akaondoka na kuandika kitabu. Miaka miwili baadaye alikuwa Unguja, akajiandaa kwenda bara, na Novemba 1857 akafika Tabora. Huko nako vitabu humwita mvumbuzi, ingawa alipita njia ya misafara ambayo Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu waliijua vizuri. Kwa karne nyingi kahawa, vitabu na watu walikuwa wakiingia na kutoka Harar kwa misafara ya namna hiyohiyo. Mji ulikuwa na maamiri wake na sarafu zake. Neno "wa kwanza" linabeba mzigo mkubwa mno katika sentensi ile ya daftari langu.

Jambo la pili ambalo kila mgeni huonyeshwa ni nyumba ya Rimbaud. Arthur Rimbaud, mshairi wa Kifaransa aliyekwisha kuacha ushairi, alifika Harar mwishoni mwa 1880 kufanya biashara ya kahawa na ngozi, akawa anaondoka na kurudi hadi 1891, mwaka aliofariki. Nyumba hiyo ni nzuri kweli: ya mbao, ghorofa mbili, dari lenye michoro, vioo vya rangi. Tatizo ni kwamba Rimbaud hakuishi humo. Ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi baada ya Rimbaud kufa. Nilipoiangalia nilizikumbuka nyumba za Wahindi za Mji Mkongwe wa Unguja, na nikajiuliza kwa nini yule aliyelipa mafundi hatajwi kwenye kibao.

Nyumba iliyonifunza zaidi ni ile niliyolala. Ukiingia unakuta sebule yenye majukwaa ya udongo ya kimo tofauti, yaitwayo nadaba, na kila mtu anajua pa kukaa kulingana na umri na heshima yake. Mimi nilikaa juu mno, wakacheka. Ukutani mna vishubaka vya kuwekea vyombo na misahafu, ambavyo mtu wa Lamu angeviita zidaka bila kuuliza. Mazulia yaliyokunjwa juu ya mlango hutangaza kwamba nyumbani pana binti wa kuozwa. Pembeni kuna chumba kidogo, kirtat, ambamo maharusi hufungiwa siku zao za mwanzo.

Sakafu na majukwaa hupakwa udongo mwekundu. Nilidhani ni urembo. Rafiki yangu akaniambia kwamba Waharari husema wekundu ule ni ukumbusho wa damu ya Chelenqo. Misri iliuteka mji 1875 na kuondoka baada ya miaka kumi. Amiri wa mwisho, Abdullahi, alitawala muda mfupi tu. Januari 1887 jeshi la Menelik, aliyekuwa bado mfalme wa Shewa, lilimshinda Chelenqo, na Harar ikawekwa chini ya Ras Makonnen, baba wa Haile Selassie. Nilikuwa nimekaa juu ya kumbukumbu hiyo siku tatu, nikinywa kahawa.

Siku ya mwisho tulipita Makina Girgir, kichochoro cha mafundi cherehani kilichopewa jina kwa mlio wa mashine zao, tukaenda makumbusho ya Sherif. Yamo katika jumba lijulikanalo kwa jina la Ras Tafari. Abdulahi Ali Sherif alikusanya kutoka nyumba za watu sarafu, vyombo, kanda za nyimbo na mamia ya miswada, na akajifunza kujalidi vitabu ili aitengeneze iliyoharibika. Kuna misahafu, na kuna maandishi ya Kiharari kwa herufi za Kiarabu. Leo lugha hiyo huandikwa zaidi kwa herufi za Kiethiopia, kwa hiyo rafiki yangu aliinama juu ya maneno ya lugha ya mama yake asiweze kuyasoma. Sikumcheka. Nyanya ana mkebe wa biskuti uliojaa barua za baba yake, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, na katika wajukuu wake wote hakuna awezaye kusoma hata salamu.

Nilipofika Mombasa niliuomba mkebe ule. Nyanya alinifundisha herufi kila alasiri kwa wiki mbili, kwa subira ambayo sikumjua nayo. Sentensi ya kwanza niliyoisoma peke yangu ilikuwa kwenye barua kutoka Lamu, nami nikatangaza kwa sauti kwamba babu anauliza habari za baba. Nyanya akacheka mpaka akashika mbavu. Wazee waliandika p na b kwa herufi moja, mwanangu, akaniambia. Babu alikuwa anauliza bei ya papa.